Udongo Unaoonja Hewa

Gari la mama wa mboga lilikuwa halipandi mlima. Kwenye lami ya Karatu mjini lilikwenda vizuri, ungesema halina shida yoyote. Lakini likishapita geti la hifadhi na kuanza kupanda msituni kuelekea ukingo wa Kreta, lilianza kukohoa, nguvu zikapungua, na kwenye kona ya tatu au ya nne likasimama kabisa. Magari ya watalii yakawa yanalipita huku limewasha taa za hatari.

Kilikuwa kigari cha petroli, kirefu, cha viti saba, ila viti vya nyuma viling'olewa ili makreti yaingie. Mwenyewe ni mama wa Endabash, Mwiraqw kama mimi, mtu mzima mwenye sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka korongo. Alilima kabichi, karoti na vitunguu, akaongeza na za majirani zake, na mara mbili kwa wiki alizipeleka kwenye kambi moja ya watalii kule juu ukingoni. Kambi ilitaka mboga zifike kabla ya saa tatu asubuhi. Safari mbili mfululizo alifika saa saba mchana, kabichi zimenyong'onyea.

"Wameniambia nikichelewa mara ya tatu nisihangaike kupanda tena," alisema siku alipolileta gerejini. "Eti yuko kijana wa Arusha ana gari jipya, anasubiri kupigiwa simu tu. Miaka sita nawalisha wale watu. Miaka sita!"

Hiyo ilikuwa Jumanne. Safari yake ya tatu ilikuwa Ijumaa.

Mwenye gereji, ambaye wote tulimwita bosi, alizunguka gari lile akalipiga teke tairi la mbele. Ni mtu wa Kilimanjaro, amekaa Karatu muda mrefu, na hana gari asiloweza kulisemea kitu.

"Mama, gari lako linaogopa kimo," alisema. "Kule juu hewa ni nyembamba. Hata watu wanakosa pumzi."

"Mbona zamani halikuogopa?"

"Linazeeka. Wewe mwenyewe ukipanda ule mlima kwa miguu utaweza kuongea hivi?"

"Nitaongea. Na ukitaka nitakuimbia pia."

Tulicheka. Lakini mama hakucheka. Alinigeukia akaniambia kwa Kiiraqw, ili bosi asisikie, kwamba tayari alishamfokea kijana wa kituo cha mafuta mbele za watu, akamwambia amemuuzia maji, na bado gari halikupona. Niliitikia kwa kichwa. Mimi si mtu wa maneno. Mkubwa akisema nami huwa natazama mikono yake.

Bosi alibadilisha chujio la mafuta, akasafisha tangi, akasema tutaona. Jumatano asubuhi akapigiwa simu kwamba lori la safari limevunjika ekseli kule Olbalbal na wageni wamekaa kwenye vumbi. Akapakia jeki na vyuma kwenye pikapu.

"Nitarudi Ijumaa jioni," aliniambia. "Hili la mama ni lako."

Akaondoka. Nikabaki nalo.

Niseme kidogo kuhusu gereji yetu, maana bila hivyo jambo hili halieleweki. Sisi ni watu wa dizeli. Magari ya safari yanayoshuka Kreta na kwenda mpaka nyika za mbali karibu yote ni ya dizeli, na mimi tangu nilipomaliza darasa la saba nimelala chini ya hayo. Adui yetu mkubwa ni vumbi. Vumbi la Karatu ni jekundu na jepesi kama unga wa mtama, linaingia mpaka ndani ya saa ya mkononi. Kwa hiyo gereji yetu ilikuwa na sifa moja mjini: gari likitoka kwetu, vumbi haliingii. Kila kifuniko tulichokifungua tulikirudisha kwa silikoni, ile gundi nyekundu ya kwenye tyubu, tukaipaka nene mpaka ikafura pembeni. Madereva waliiona ile mistari myekundu wakaridhika. Ilikuwa kama sahihi yetu. Hata gari la mama lilikuwa na sahihi hiyo, maana mwezi uliotangulia lilivuja oili juu ya injini, nikaliziba mimi mwenyewe.

Nilianza na plagi, kwa sababu plagi nazijua. Nilizifungua zote nne nikazipanga juu ya gunia. Bosi alinifundisha kwamba plagi ni ulimi wa injini. Ikiwa nyeusi, injini inalishwa petroli kupita kiasi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, injini ina afya. Hizi zilikuwa nyeupe kama chaki ya ubaoni. Maana yake injini ilikuwa na njaa.

Lakini petroli ilikuwepo. Chujio lilikuwa jipya, na pampu ilisukuma vizuri nilipochomoa mpira na kukinga chupa.

Tulikuwa na kifaa kidogo ambacho bosi alikinunua kwa mtu, cha kuchomeka chini ya usukani kisha kinaonyesha maandishi kwenye simu. Kwa dizeli zetu hakina kazi, kilikaa kwenye droo na risiti za zamani. Nilikichomeka. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, nami husoma polepole hata Kiswahili. Nikachukua daftari, nikanakili neno moja moja kwa kalamu, kisha nikayatafuta maana moja moja. Ilinichukua karibu saa nzima. Mwisho nikaelewa kinasema nini: petroli imezidi.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikatazama zile plagi nyeupe, kisha nikatazama simu. Plagi zinasema njaa. Kifaa kinasema shibe. Mmoja wao alikuwa mwongo, na plagi sijawahi kuzikuta zikidanganya.

Nikarudi kwenye daftari. Kifaa kile chenyewe hakioni kitu, kinarudia tu kile ambacho kompyuta ya gari imeambiwa. Na kompyuta iliambiwa na nani? Kulikuwa na neno nililolinakili mara tatu, la kitu kinachoitwa sensa ya oksijeni. Nilitafuta video. Niliyoipata ilikuwa ya mzee mmoja anayesema lugha nisiyoijua kabisa, lakini mikono yake niliielewa. Alionyesha kitu kama plagi kilichofungwa kwenye bomba la moshi, chini kabisa, karibu na injini. Akachomoa waya wake injini ikiwa inanguruma.

Nikaingia chini ya gari la mama, nikakiona. Sikuwahi kukitilia maanani. Nikachomoa waya.

Injini ikabadilika sauti. Ilikuwa inatetemeka na kumisi, mlio unakatika katika, sasa ikatulia. Nilitoka chini nikapiga resi, ikaitika mara moja, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo halafu ukamwachia. Kitu kimoja kidogo, chenye waya nne, kilikuwa kinaiambia kompyuta kwamba petroli imezidi, nayo kompyuta kwa utiifu ikawa inapunguza, inapunguza, mpaka injini ikakosa chakula mlimani.

Wako mafundi ambao wangeishia hapo. Wanaacha waya umechomolewa, wanabandika utepe mweusi juu ya taa ya injini, gari linakwenda. Nilifikiria hivyo. Lakini mzee wa kwenye video alikuwa ametoa picha ya mlima, akaonyesha kwa mkono kwamba kadiri unavyopanda hewa inapungua, na gari lisilo na sensa halijui, linaendelea kumwaga petroli kama liko bondeni. Mama hapeleki kabichi bondeni.

Kuifungua ilikuwa kazi. Ilishikana na bomba kwa kutu. Niliimwagia mafuta ya kulainisha, nikawasha injini bomba lipate joto, nikazima, nikavuta spana nimelala chali, miguu yote miwili nimeikita. Ilipoachia ilinipiga kifuani.

Kichwa chake kilikuwa na kofia ya chuma yenye matundu madogo. Nilitegemea masizi. Badala yake kilikuwa cheupe, kimepakwa kitu kigumu kinachong'aa kidogo.

Nyuma ya gereji kuna gari bovu la bosi, la injini ya aina ile ile, limekaa kwenye mawe, kuku wanataga ndani yake. Nilifungua sensa yake nayo. Hiyo ilikuwa ya kahawia iliyopauka. Sasa nilikuwa nazo mbili mkononi, na sikujua ipi ni nzima. Mzee wa video alikuwa na njia. Alizichoma moto.

Jirani yetu ni mpishi wa safari. Amepanga chumba nyuma ya ukuta wa gereji, na wiki ambazo hana wageni husugua masufuria yake uani. Ana mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu kabla ya kupata sauti.

"Kaka, naomba moto."

"Moto wa nini, dogo?"

Nikamwonyesha.

"Unataka kupika hiyo?" Aliigeuza mkononi. "Nimepikia Wajapani, nimepikia Wajerumani. Mshikaki wa chuma sijawahi kuulizwa."

Lakini alileta jiko. Nilibana sensa ya gari bovu kwa koleo, nikaunganisha waya zake kwenye mita ya kupimia umeme. Betri haikuwepo. Hapakuwa na chochote isipokuwa sensa, waya mbili, mita, na moto wa buluu wa mpishi. Mita ilisoma sifuri.

Nikaingiza kichwa cha sensa kwenye moto, pale katikati ambapo gesi ni nyingi na hewa ni chache. Tukangoja. Chuma kikaanza kuwa chekundu. Halafu namba zikaanza kutembea. Sifuri nukta moja. Nukta tatu. Nukta sita. Nukta nane.

"Umeme unatoka wapi?" mpishi aliuliza.

"Humo."

"Humo wapi? Mimi naona moto tu."

Nikaitoa kwenye moto, ikakutana na hewa ya uani. Kufumba na kufumbua namba ikaanguka mpaka karibu na sifuri. Nikairudisha, ikapanda. Nikaitoa, ikaanguka. Mpishi alipiga magoti kando yangu, akaacha utani. Tulirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa naona kitu kilichokufa, kilichookotwa kwenye mayai ya kuku, kikiamka na kusema: hapa hewa ipo, hapa haipo. Hakikuwa na jicho wala ubongo, lakini kilikuwa hakikosei hata mara moja. Nilikuwa nimefanya kazi gerejini miaka minne nikidhani magari ni vyuma vinavyosukumana tu.

"Weka ile mbovu," mpishi alisema kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani.

Ile ya mama nayo ilipanda mpaka nukta nane. Nikaitoa kwenye moto. Ikabaki nukta nane. Niliipeperusha hewani. Nukta saba na nusu. Tulihesabu mpaka thelathini, na bado ilikuwa inasema hakuna hewa, hakuna hewa, nayo iko katikati ya upepo wa Karatu.

"Hii imelewa," mpishi alisema.

Ilipopoa alikwangua ule weupe kwa kisu chake. "Haya si masizi, dogo. Masizi nayajua, ndiyo maisha yangu. Hii ni kama ukoko wa kioo. Umeipaka nini?"

"Sijaipaka kitu."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Jioni ile, kabla jua halijazama, nilitafuta picha za sensa zilizoharibika. Nikapata moja nyeupe, nyeupe ile ile. Chini yake kulikuwa na mstari wa maneno, na sikuhitaji daftari kusoma neno la katikati. Nalisoma kila siku. Limeandikwa kwenye tyubu yetu nyekundu.

Nilienda nikafungua boneti. Silikoni yangu ilikuwa pale juu ya injini, imefura kuzunguka kifuniko, nene, safi, mstari usio na kasoro. Nikakumbuka siku ile. Mama alikuwa na haraka, nikapaka, nikafunga, nikawasha injini papo hapo kabla gundi haijakauka. Mvuke wake ukavutwa ndani, ukaungua pamoja na petroli, ukatoka kwenye bomba la moshi na kugandia kwenye sensa kama kioo. Kwa dizeli zetu hakuna madhara, hazina kitu cha kuonja. Hapa nilikuwa nimeziba pua ya gari huku nikidhani naziba vumbi.

Nilifunga boneti taratibu.

Alhamisi nilifungua kifuniko tena, nikakwangua silikoni yote kwa kipande cha mti, nikaosha, nikaenda mjini kwenye duka la vipuri kutafuta gasketi ya mpira, ya kuziba kifuniko badala ya gundi. Mwenye duka, mzee mwenye kofia ya kufuma, aliniangalia juu ya miwani.

"Gasketi? Gereji yenu? Si mnapaka ile nyekundu?"

"Leo tunataka mpira, mzee."

"Leo kuna nini?"

Nilihesabu pesa juu ya meza yake. Alicheka akapanda ngazi kuitafuta, akaikuta imefungwa kwenye gazeti.

Wakati wa kufunga gasketi, mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye tyubu. Nilikuta nimeshafungua kifuniko chake. Nikaifunga, nikaenda kuiweka ndani ya ofisi ya bosi, mbali.

Nilifunga sensa ya gari bovu. Kisha, kwa kuwa ile ya mama ilikuwa haina kazi tena, niliibana nikaikata kofia yake kwa msumeno. Nilitaka kuona. Ndani mlikuwa na kitu kidogo cheupe, kirefu kama kofia ya kidole ya mshonaji. Hakikuwa chuma. Kilikuwa udongo. Udongo uliochomwa, kama vyungu ambavyo bibi yangu alifinyanga, ila umepakwa madini membamba kuliko ukungu wa pumzi kwenye kioo. Upande wa nje unaguswa na moshi wa injini. Upande wa ndani una hewa safi ya dunia. Udongo unakaa katikati, unaonja huku na huku, na tofauti ya ladha hizo mbili ndiyo inayokuwa umeme. Nilikiweka kwenye kiganja nikakitazama mpaka kuku wakaja kuona kama ni punje. Nani alikaa akafikiria kwamba udongo unaweza kuonja hewa? Nami nimezaliwa kwenye udongo, nimelima udongo, nimepigwa kwa kuingiza udongo ndani ya nyumba.

Mama alikuja jioni. Nilimwambia limepona.

"Ilikuwa mlima?"

"Hapana, mama."

Alisubiri niendelee. Nikakusanya spana zangu. Akanitazama, akasema, "Basi kesho unapanda na mimi. Likisimama, unasimama nalo."

Tuliondoka Ijumaa alfajiri, makreti yamejaa mpaka dirishani. Nilikuwa nimevuta waya mbili kutoka kwenye sensa, nikazipitisha dirishani, nikashika mita mapajani. Getini tulikuwa wa pili kwenye foleni. Lilipofunguliwa, lami ikaisha, msitu ukaanza, na mama akaingiza gia ya pili.

Namba zilikuwa zinacheza. Nukta moja, nukta nane, nukta mbili, nukta saba, bila kupumzika, haraka kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sensa inaonja, inasema petroli imezidi, kompyuta inapunguza. Inaonja tena, inasema imepungua, kompyuta inaongeza. Huo mchezo wa namba ndio afya yenyewe. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Mama alishika usukani kama anashika pembe za dume.

Sikuwa nimewahi kupanda ule mlima kabla ya siku ile. Watu wa mbali wanavuka bahari kuuona, mimi ambaye nalala chini ya magari yanayowapeleka nilikuwa sijapata sababu. Lakini sikutazama nje. Nilitazama namba, na kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye namba, nikaweza kusema.

"Mama, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Niliyeharibu. Ile gundi niliyoziba oili mwezi uliopita. Moshi wake ndio ulioua sensa. Si petroli, wala si mlima."

Kona ya tatu ikapita. Ya nne ikapita. Gari halikukohoa. Mama alikaza macho barabarani, injini ilinguruma sawasawa, na mimi nilitamani ingekohoa kidogo ili tuwe na kitu cha kuzungumza.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "nimemtukana mtoto wa watu bure pale kituo cha mafuta."

"Ndiyo, mama."

"Na kabichi zangu mara mbili zimeoza kwa ajili ya unadhifu wako."

"Ndiyo."

"Namba zinasemaje?"

"Zinacheza."

"Basi ziache zicheze. Usiniambie kitu kingine mpaka tufike, nisije nikakutupa kwa nyati."

Juu ukingoni kulikuwa na ukungu mzito, miti imefuga ndevu za kijani, na baridi ilipita kwenye tundu la dirisha nilipopitisha waya. Nilihisi mwenyewe kwamba pumzi ni fupi. Na mapajani mwangu namba ziliendelea kucheza vile vile, kwa sababu kipande kile cha udongo kilikuwa kimeonja hewa ya ukingoni, kikaona ni nyembamba, kikaiambia kompyuta ipunguze petroli ilingane nayo. Hakuna aliyekigusa. Sisi watu wawili tulihema, gari halikuhema.

Tulifika kambini saa moja na nusu. Meneja wa kambi, kijana mwenye koti la manyoya, alitoka jikoni na kikombe cha kahawa.

"Shikamoo mama. Leo umewahi."

"Marahaba. Nimewahi."

Alitazama makreti, akatazama kikombe chake. "Tatizo ni kwamba nimeshaongea na yule saplaya mwingine. Anaanza Jumatatu. Siwezi kuendesha jiko kwa kubahatisha, mama. Leo umewahi, Jumanne ijayo sijui."

Nilitegemea mama atapaza ile sauti yake. Hakupaza. Aliweka chini kreti la karoti taratibu, akafuta mikono kwenye khanga, akanigeukia.

"Mwambie."

Wapishi watatu walikuwa wamesimama mlangoni. Nilitazama mikono ya meneja. Nikatoa mfukoni ile kofia ndogo nyeupe ya udongo, kwa sababu nilihitaji kitu cha kushika, nikaanza. Nilisema polepole. Nilisema gari la mama halikuwa bovu, liliharibiwa. Nilisema aliyeliharibu ni mimi na si yeye, na kwamba zile siku mbili alizochelewa zinatakiwa ziandikwe kwangu.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo."

"Na unakuja huku kuniambia umeharibu gari la mteja wako?"

"Ndiyo."

Mpishi mmoja akacheka, "Huyu wa wapi? Mafundi wa hivi wapo?" Wenzake wakacheka pia. Masikio yalinichoma, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka, sikuweza kuufunga. Nikaeleza gundi, na moshi, na udongo ulio katikati ya hewa mbili. Meneja aliichukua ile kofia nyeupe, akaiinua kwenye mwanga.

"Hiki ndicho kinaonja hewa?"

"Ndicho."

"Kidogo hivi?"

"Nami nilishangaa," nikasema.

Aliigeuza geuza. "Litasimama tena mlimani?"

Ningeweza kusema halitasimama. Mama alikuwa ananiangalia, nilijua anataka niseme hivyo.

"Injini ni ya zamani," nilisema. "Siwezi kuapa. Lakini kwa sababu hii halitasimama tena."

Meneja alikunywa kahawa yake. Kisha akanirudishia ile kofia.

"Wiki mbili," alimwambia mama. "Yule mwingine nitamwambia asubiri wiki mbili. Ukichelewa hata dakika kumi, usinipigie simu kunieleza."

"Dakika kumi nyingi," mama alisema. "Nipe tano."

Meneja akacheka, wapishi wakaja kushusha makreti. Nilitaka kuwasaidia, mama akanisukuma begani. "Nenda kule mwisho wa mahema ukaangalie. Usije ukarudi Karatu umeona namba tu."

Nilikwenda. Ukungu ulikuwa unapasuka. Kwanza niliona weupe mtupu, halafu chini sana, chini kuliko nilivyofikiri chini inaweza kuwa, kipande cha majani kikatokea, na vitu vyeusi vidogo kama pilipili manga vilivyomwagika mezani. Vilikuwa vinasogea. Ilinichukua muda kuelewa ni nyati. Nilisimama hapo mpaka mama akapiga honi.

Bosi alirudi kutoka Olbalbal mweupe kwa vumbi kichwa mpaka miguu. Nilimwambia yote, na hilo lilikuwa gumu kuliko kambini. Alisema, "Silikoni? Miaka ishirini natumia silikoni." Akaenda akachungulia lile gari bovu, akarudi na sensa yake ya pili, ile iliyobaki nyuma kwenye bomba, akaomba nimwonyeshe kwa moto. Mpishi alileta jiko bila kuombwa. Bosi aliangalia namba zikipanda na kushuka mpaka gesi ikapungua.

Jumanne mama alipanda peke yake. Nilikuwa chini ya lori, simu nimeiweka kifuani, nikawa naitazama kila baada ya nati moja. Saa mbili na dakika kumi ikaingia meseji. Nilijifuta vidole nikaisoma polepole: "Nimefika. Wanachagua karoti."